Kumwoza Binti Bila Kuonyesha Shela

Tarehe 23 Mei 1950, jarida la picha la Look la Marekani lilitoa kurasa tano kwa harusi ya watu ambao hawakuwepo duniani. Bibi harusi aliitwa Marjorie. Bwana harusi alikuwa Walter Thompson, ambaye kila mtu alimwita Bronco, nyota wa mpira wa Kimarekani katika chuo cha mji wao. Wote wawili waliishi redioni tu, ndani ya vichekesho vya mtandao wa redio wa NBC vilivyoitwa The Great Gildersleeve, na msimu mzima, tangu Septemba 1949, wasikilizaji walikuwa wamefuatilia uchumba wao wiki baada ya wiki.

Anayetaka kujua namna ya kuandika harusi ya redioni ikachekesha na bado ikamgusa mtu, aanzie hapa. Waliofanya kazi hii walijua jambo ambalo watunzi wengi hulisahau: harusi ya redio ni maandalizi. Siku yenyewe ina thamani kubwa kwa jicho, kwa sababu ya gauni, maua, keki na sura ya mama anayelia. Sikio halioni lolote kati ya hayo. Linachosikia ni watu wanaobishana, wanaonong'ona, wanaohesabu fedha, na wanaonyamaza pale ambapo walipaswa kujibu. Hayo yote hutokea kabla ya siku kufika.

Kwanza nyumba yenyewe. Throckmorton P. Gildersleeve alianza kama jirani mgomvi katika vichekesho vingine, Fibber McGee and Molly, kisha akapewa kipindi chake mwenyewe kilichofunguliwa tarehe 31 Agosti 1941. Katika kipindi hicho anahamia mji wa kubuni wa Summerfield kusimamia mali ya shemeji yake aliyefariki na kuwalea watoto wawili walioachwa, Marjorie na mdogo wake Leroy. Baadaye anapata kazi ya ukuu wa idara ya maji ya mji. Hajaoa, ana mwili mkubwa, anapenda kusifiwa, na akikasirika hasira yake haidumu hadi chakula cha jioni. Marjorie humwita kwa jina la kudeka, "Unkie". Leroy hulikata zaidi likawa "Unk".

Sisi tunamwita mjomba, na neno hilo lina uzito wake. Katika makabila yetu mengi mjomba ana fungu lake kwenye mahari na ana kauli yake siku ya posa. Gildersleeve anabeba yote mawili, ujomba na ubaba, kwa sababu baba hayupo. Ndiyo maana harusi ya Marjorie inamtikisa kuliko inavyomtikisa bibi harusi. Binti anapata mume, naye anapoteza sauti moja mezani.

Neno "sauti" hapa lichukuliwe kama lilivyo, kwa sababu vichekesho vya redio hupangwa kwa sauti kabla ya kupangwa kwa hadithi. Harold Peary, aliyemwigiza Gildersleeve, alikuwa na sauti nzito ya kuimbia na cheko linaloshuka ngazi moja moja hadi kufifia kifuani. Leroy aliigizwa na Walter Tetley, mtu mzima aliyezaliwa 1915 ambaye sauti yake ilibaki ya mtoto; wakati wa harusi alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30, na hakuna aliyesikia tofauti. Mary Lee Robb alikuwa Marjorie, sauti laini na ya haraka. Lillian Randolph alikuwa Birdie, mpishi na mlezi wa nyumba, mwenye sauti pana ya mwimbaji na kicheko kinachojaza jiko. Jaji Horace Hooker, aliyeigizwa na Earle Ross, alikuwa na sauti ya kukwaruza, na Gildersleeve hakuacha kumwita mbuzi mzee. Mwenye duka la dawa, Peavey, aliigizwa na Richard LeGrand: sauti kavu, ya polepole, na jibu lake la siku zote, kwamba yeye hilo asingelisema. Floyd kinyozi alikuwa Arthur Q. Bryan, yule yule aliyempa sauti Elmer Fudd, mwindaji wa kwenye katuni za Bugs Bunny.

Halafu Bronco. Huyu alikuwa Richard Crenna, kijana wa miaka 23. Wengi Afrika Mashariki wanamfahamu bila kujua: ndiye Kanali Trautman, mkubwa wa Rambo katika sinema ya 1982. Mwaka 1950 alikuwa pia mwanafunzi Walter Denton katika vichekesho vya Our Miss Brooks kwenye CBS, mtandao mpinzani wa NBC, ambako alitumia sauti ya juu inayovunjika kama ya mvulana anayebalehe. Kwa Bronco alitumia sauti yake ya kawaida. Angechanganya hizo mbili, bwana harusi angegeuka mtoto wa shule na posa nzima ingepoteza uzito.

Ukizitazama sauti hizo kwa pamoja, hakuna mbili zinazofanana. Wanne wakiongea kwa mkupuo kuhusu kadi za mwaliko, msikilizaji anajua nani kasema nini bila kutajiwa majina. Huo ndio msingi wa kwanza wa kazi hii. Mtunzi mwenye wajomba watatu wa sauti nzito katika mchezo mmoja atalazimika kuandika "sikiliza, mjomba Fulani" kila sentensi ya tatu, na wasikilizaji watachoka kabla ya posa. Achague mmoja wa sauti nzito, mmoja wa sauti nyembamba, mmoja wa polepole, mmoja wa haraka. Ndugu wengine watajwe tu, au wapige simu.

Simu, kwa kweli, ni rafiki mkubwa wa harusi ya redio. Studio za wakati ule zilipitisha sauti kwenye kichujio kilichoondoa mapana yake, ikabaki nyembamba ya kwenye waya. Mwenye ukumbi, muuza maua, shangazi aliye mbali, yeyote anayetokea mara moja tu, aje kwa simu. Hahitaji mlango wala kiti, wala maelezo ya anavyofanana, na akikata simu anaondoka mara moja bila kuaga.

Sasa fedha, kwa maana harusi bila fedha haina ugomvi. Msomaji wetu anaweza kujiuliza kwa nini Gildersleeve hakuitisha kamati, akaweka mwenyekiti na mweka hazina, akatuma kadi za michango. Desturi ya Marekani ya wakati ule haikuwa hivyo. Upande wa binti ndio uliobeba gharama: gauni, maua, mialiko, chakula cha wageni. Upande wa kijana ulinunua pete, ukamlipa mchungaji na kugharimia fungate. Marafiki wa bibi harusi humfanyia tafrija ya kumletea zawadi za nyumba, lakini hawachangii ukumbi. Kwa hiyo mjomba mwenye mshahara wa idara ya maji yuko peke yake mbele ya kila bili, na kila ushauri anaopewa mjini unamwongezea bili nyingine. Mtu huyo hawezi kusema "sina", kwa sababu ya majivuno yake, na hawezi kusema "ninazo", kwa sababu ya ukweli. Mvutano huo peke yake unatosha kumpa mtunzi wiki tatu za kazi.

Kamati yetu ya harusi, kwa upande wake, ni mali nzuri mno kwa redio na imetumika kidogo kuliko inavyostahili. Ina vikao, ina ahadi zisizotimizwa, ina katibu anayesoma majina kwa sauti. Orodha ya ahadi ikisomwa ni mchezo tayari: jina, kiasi, ukimya, jina linalofuata.

Njia aliyopita Gildersleeve ndiyo iliyobeba karibu kila hadithi ya kipindi chake, nayo inafaa harusi kuliko jambo lolote. Asubuhi mezani nyumbani, tatizo linatajwa. Anatoka. Anapita kwa Peavey, ambaye hakubali wala hakatai. Anapita kwa kinyozi, ambaye ana maoni kuhusu kila kitu. Anakutana na Jaji, ambaye anamkumbusha wajibu wake kwa namna inayomchoma. Kufikia jioni amekusanya mashauri matatu yanayopingana na ameamua vibaya kwa kujiamini kabisa. Anarudi nyumbani kutangaza uamuzi wake, na anakuta wanawake wa nyumba wameshamaliza jambo lile zamani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini hapa chombo kiko jikoni na nahodha wake ni Birdie.

Juu ya Birdie nisipite haraka. Redio ya Marekani ya miaka ile iliwapa waigizaji weusi nafasi finyu, mara nyingi za utumishi tu, na kipindi hiki hakikuvunja ukuta huo. Ila ndani ya nafasi ile Randolph alijenga mtu mwenye akili ya nyumba. Yeye ndiye anayejua Marjorie amelia usiku, na ndiye anayejua mjomba naye hakulala. Katika harusi yoyote ya redio lazima awepo mtu wa namna hii, anayeziona pande zote mbili za mlango. Akikosekana, mtunzi hujikuta anawalazimisha wahusika kujieleza wenyewe kwa hotuba.

Mgawanyo wa muda ndipo kazi nyingi huharibika. Kipindi cha nusu saa, ukitoa muziki wa kufungulia, mtangazaji, na matangazo ya mdhamini (hapa Kraft, waliouza majarini ya Parkay), hubakiza kama dakika 24 au 25 za mchezo, zikikatwa katikati na tangazo. Nusu ya kwanza inaishia pale uamuzi mbaya unapofanyika, na ya pili inabeba matokeo yake. Baada ya tangazo la mwisho kuna dakika moja ndogo, mara nyingi watu wawili tu, ambapo jambo zito linasemwa kwa sauti ya chini. Dakika hiyo isitumike kwa mzaha wa mwisho. Ndiyo inayomfanya msikilizaji arudi wiki ijayo.

Kwa msimu mzima, redio ya Marekani ilihesabu vipindi 39 kwa mwaka, yaani mafungu matatu ya vipindi 13 kila moja. Ukiwa na vipindi 13 tu vya harusi, ningevigawa hivi: vitatu vya ujio wa kijana na mjomba kumkataa bila sababu, kimoja cha posa, sita vya maandalizi, kimoja cha siku yenyewe, viwili vya baada ya harusi. Watunzi wengi hugeuza, wakatoa vitano kwa uchumba na vitatu kwa siku ya harusi, kisha wanashangaa kwa nini kanisani hapachekeshi. Kanisani hapachekeshi kwa sababu hakuna tena cha kuamua. Tarehe imeshapangwa, fedha zimeshalipwa, kila mtu amevaa.

Maandalizi yale sita kila kimoja kiwe na jambo moja tu. Orodha ya wageni, kwa mfano. Weka idadi kamili mapema, tuseme watu 60, na umfanye mhusika aitaje kwa sauti, kwa kuwa msikilizaji hana karatasi ya kutazama. Kisha kila mgeni anayeingia apitishe idadi ile: 61, 64, 70. Hesabu inayopanda inasikika vizuri redioni, ni kama maji yanayojaa ndoo. Usichanganye hapo hapo ugomvi wa gauni. Hesabu itapotea, na kicheko kitapotea nayo.

Gauni ndilo mtihani wa mtunzi. Njia mbovu ni kumfanya mtu atamke kila anachokiona: "Tazama shela lako jeupe lenye lulu!" Hakuna anayezungumza hivyo. Njia nzuri ni kuanza na fundi anayesema huku pini ziko kati ya midomo yake, maneno yakitoka yamebanwa. Msikilizaji ameshaona chumba. Sugua kitambaa kigumu karibu na maikrofoni, na gauni lipo. Bibi harusi aseme, "Nisipumue?" na fundi ajibu, "Pumua kidogo." Kisha mjomba afungue mlango, na asiseme kitu. Ukimya wa sekunde tatu hapo unaonyesha gauni kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Sekunde sita ni nyingi mno. Mtu ataanza kugusa redio yake akidhani mawimbi yamepotea.

Mlango wenyewe uwe mlango. Mafundi wa milio wa zama zile walikuwa na mlango mdogo wa mbao kwenye fremu yake, wenye kitasa na komeo za kweli, wakiufungua na kuufunga pembeni ya maikrofoni. Waliweka sanduku la changarawe kwa nyayo za nje na ubao kwa nyayo za ndani. Harusi hutumia milango kuliko hadithi nyingine zote, kwa sababu ni hadithi ya watu wanaoingia na kutoka katika nyumba moja. Mlango wa jikoni usilie kama mlango wa mbele. Ukiwapa sauti mbili tofauti, msikilizaji atajua nani ameingia kwa ruhusa na nani amejipenyeza.

Kanisa hujengwa kwa vitu vitatu: kinanda kikiwa mbali na maikrofoni, mwangwi mdogo, na minong'ono. Kwa minong'ono watu watano wanatosha, wasimame mbali, kila mmoja aseme maneno yake mwenyewe. Wakisema neno moja pamoja husikika kama kwaya. Kinanda kishuke kabla ya viapo, kisikatwe ghafla. Na mtu anayetoa kiapo asogee karibu sana na maikrofoni, karibu kuliko alivyowahi kusogea katika msimu mzima, ili msikilizaji ajihisi yuko mstari wa mbele.

Kuna kosa ambalo redio ya Marekani ililizoea, nalo ni kuvunja harusi madhabahuni. Gildersleeve mwenyewe lilimpata. Mwaka 1943 alikaribia kumwoa jirani yake, mjane wa Kusini aitwaye Leila Ransom, na harusi ikavunjika dakika ya mwisho baada ya mume aliyedhaniwa amekufa kujitokeza. Lilikuwa pigo zuri mara moja. Baada yake kipindi kiliendelea kumpa wachumba, na kila uchumba ulivunjika, hadi wasikilizaji wakazoea kwamba Summerfield hakuna anayefika mwisho. Hapo ndipo harusi ya Marjorie ilipopata nguvu yake. Watu waliingia mwezi Mei 1950 wakisubiri kitu kivunjike, na binti akaolewa salama. Mtunzi akiwa amevunja harusi tatu, ya nne aiache ipite. Hiyo ndiyo itakayoshangaza.

Kosa jingine ni kumcheka bibi harusi. Kicheko kiende kwa anayesimamia, mwenye cheo na majivuno, kamwe si kwa binti anayeogopa. Marjorie anaweza kukosea, kulia, kubadili mawazo kuhusu rangi ya maua, lakini hofu yake ichukuliwe kwa uzito. Mjomba ndiye anayeanguka ngazi.

Kosa kubwa zaidi ni la baada ya harusi, na hapa wazalishaji wa Gildersleeve walifanya jambo la busara. Harusi huvunja nyumba, na vichekesho vya namna hii huishi kwa nyumba ile ile kila wiki. Binti akiolewa akaenda zake, kipindi kimepoteza sauti na pengine sababu ya kuwepo. Wao hawakumtoa Marjorie. Walimwingiza Bronco ndani, akakaa kwa mjomba wa mkewe. Kwa masikio yetu, mwanamume kuoa na kuhamia ukweni ni kichekesho kilichokamilika hata kabla ya mtu kufungua mdomo: atakaa kiti kipi mezani, atamwitaje mzee, nani atanyoa kwanza asubuhi.

Msimu ule ule ulipokwisha, Harold Peary aliondoka. Alikuwa amesaini na CBS, lakini kipindi kilikuwa cha Kraft na NBC, na hawakumfuata. Septemba 1950 Willard Waterman alichukua nafasi yake. Sauti zao zilikaribiana kiasi kwamba wengi hawakutambua, ila Waterman alikataa kulitumia lile cheko linaloshuka ngazi, akiamini kuwa ni mali ya Peary. Kwa hiyo mjomba aliyemwoza Marjorie mwezi Mei na yule aliyekaa na mkwe mezani mwezi Septemba walikuwa watu wawili, na nyumba haikuyumba, kwa sababu sauti nyingine zote zilikuwa mahali pake: Birdie jikoni, Leroy kwenye ngazi, Marjorie akimwita Unkie.

Marjorie na Bronco walipata mapacha, Ronnie na Linda. Miaka michache baadaye familia ile changa ilihamia nyumba ya jirani, mlango wa pili, karibu kiasi cha mtoto kutumwa kuomba sukari na kurudi kabla ya tangazo la majarini.